Seli ya mnyama hujikata kiuno, ya mmea hujengewa kiambaza

Swali la msomaji: Nafundisha baiolojia kidato cha tano. Tulipotazama ncha za mizizi ya kitunguu kwa hadubini, wanafunzi waliona mstari hafifu kati ya viini viwili. Katika seli nyingi mstari haukugusa pembeni, na katika moja uligusa upande mmoja tu. Kundi moja likasema ukuta unaingia kutoka pembeni, kama seli ya mnyama inavyojibana. Kundi jingine likasema unatoka katikati. Nani kasema sawa? Na kwa nini mmea usijibane tu, kazi ikaisha? Tena tuliona seli zenye viini viwili bila mstari wowote: ni kosa la seli au la slaidi yetu?

Jibu

Mwalimu, kundi la pili ndilo lililosema sawa. Mstari ule ni bamba la seli, na bamba huanzia ndani likielekea nje. Lakini usiwakatie alama kundi la kwanza kabla ya kuitazama tena ile seli moja. Bamba linalogusa upande mmoja lipo kweli, na lina sababu yake. Nitaifikia.

Kazi inayotakiwa kufanywa ni ile ile kwa seli zote. Mitosisi hugawa kromosomu, saitokinesisi hugawa saitoplazimu. Ni kazi mbili zinazokwenda pamoja lakini zinaweza kuachana, na ndiyo maana seli yenye viini viwili inawezekana. Vitabu vingi vya shule huiweka saitokinesisi baada ya telofezi, hatua ya mwisho ya mitosisi, kana kwamba seli humaliza la kwanza ndipo ikaanza la pili. Sivyo. Kiuno cha seli ya mnyama huanza kuonekana kromosomu zikiwa bado safarini, katika anafezi. Kwenye mmea, mahali pa kupitisha ukuta mpya huamuliwa mapema zaidi, kabla hata utando wa kiini haujavunjika.

Kuna hesabu moja ningependa wanafunzi waifanye wenyewe. Chukua seli ya duara, uigawe kuwa duara mbili zilizo sawa bila kuongeza wala kupunguza kilichomo. Ujazo wa jumla haubadiliki, lakini eneo la nje huongezeka kwa asilimia 26, kwa sababu kipeuo cha tatu cha 2 ni 1.26. Sasa, utando wa seli si mpira wa kuvuta. Eneo lake likitanuliwa kwa asilimia chache tu, hupasuka. Kwa hiyo seli yoyote inayogawanyika lazima ipate utando wa ziada: mwingine kutoka mikunjo midogo iliyokuwa juu yake, mwingine kutoka vifuko vinavyotumwa toka ndani. Tunapowaambia wanafunzi kwamba mnyama hubana na mmea hujenga, tukumbuke kwamba mnyama naye hujenga kidogo. Tofauti ni nani anayeongoza kazi.

Mnyama: mkanda wa kiunoni

Chini tu ya utando, kuzunguka tumbo la seli, nyuzi za protini ziitwazo aktini na miosini hujipanga kuwa mkanda. Unene wake ni kama sehemu moja hadi mbili ya kumi ya mikromita, yaani ni mwembamba mno kuonekana kwa hadubini ya shule. Kinachoonekana ni matokeo yake tu: seli inapata kiuno kama kibuyu. Miosini hii ni ya ukoo mmoja na ile inayokunja misuli ya mkono. Hushika nyuzi za aktini na kuzitelezesha, mzunguko wa mkanda ukapungua, na utando uliofungwa nao ukavutwa kuingia ndani.

Wengi hufananisha mkanda huo na kamba ya kufungia gunia. Mfano huo unafaa kwa siku ya kwanza, kisha unapotosha. Kamba ikikazwa hubaki na urefu wake na mafundo hulimbikana. Mkanda wa seli haulimbikani: kadiri unavyokaza ndivyo vipande vyake vinavyovunjwa na kurudishwa kwenye saitoplazimu, na unene wake hubaki karibu ule ule. Tena katika kiinitete cha mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans, seli kubwa za mwanzo na seli ndogo za baadaye hufunga mikanda yao kwa muda unaokaribiana. Mkanda mkubwa una vipande vingi vinavyofupika kwa pamoja, basi huenda kasi zaidi.

Ushahidi kwamba miosini ndiyo mfanyakazi ni mzuri kuusimulia darasani. Mwaka 1977 Issei Mabuchi na Makoto Okuno walidunga kwenye mayai ya kiti cha pweza kingamwili inayoishika miosini. Viini viliendelea kugawanyika kama kawaida, lakini seli hazikugawanyika. Jaribio moja likatenganisha kazi mbili ambazo kwenye slaidi huonekana kama moja.

Nani huuambia mkanda ukae wapi? Hapa jaribio la Ray Rappaport wa Marekani la mwaka 1961 halijapitwa na wakati. Alitumia yai la mnyama wa baharini aliye bapa kama sarafu, jamaa wa kiti cha pweza. Kwa kigololi cha kioo alilibonyeza yai katikati mpaka likawa na tundu, mfano wa donati. Mgawanyiko wa kwanza ulikata upande mmoja wa donati, ikabaki seli moja yenye umbo la kiatu cha farasi na viini viwili, kimoja kila mkono. Mgawanyiko wa pili ukaja na spindeli mbili, moja kila mkono, zile nyuzi zinazovuta kromosomu. Viuno vilitokea palipotarajiwa, katikati ya kila spindeli. Lakini kiuno cha tatu kilitokea penye mgongo wa kiatu, kati ya ncha mbili za spindeli tofauti, mahali ambapo hapakuwa na kromosomu wala spindeli. Maana yake amri ya kukata haitoki kwenye kromosomu. Hutoka kwenye mikrotubuli, mirija midogo sana ya protini, zinazotawanyika kama miale kutoka ncha za spindeli na kukutana. Leo tunajua zaidi: mikrotubuli hizo hukusanya protini zinazoiwasha RhoA, protini nyingine iliyo kama swichi, chini ya utando, na RhoA ikiwaka, aktini hujengwa na miosini huamka papo hapo. Usiifute picha ya donati ubaoni mapema, nitairudia mwishoni.

Mkanda haumalizi kazi. Hubana mpaka kubaki daraja jembamba la kama mikromita moja, lililojaa mikrotubuli zilizosongamana. Katikati ya daraja kuna fundo ambalo Walther Flemming aliliona tangu karne ya 19. Kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, kubana huchukua dakika kumi na kitu, lakini kulikata daraja hilo huchukua saa moja, mbili, na wakati mwingine zaidi. Kukata hufanywa na protini za kundi la ESCRT-III, zinazojisokota kama springi upande wa ndani wa daraja na kulinyonga. Ndiyo mashine ile ile ambayo VVU huiazima ili virusi vipya vijikate kutoka kwenye seli. Kama kuna kipande cha kromosomu kilichonasa darajani, kimeng'enya kiitwacho Aurora B huchelewesha ukataji. Ikishindikana kabisa daraja hulegea, kiuno hurudi nyuma, na seli hubaki moja yenye viini viwili.

Kwa nini mmea usijibane

Jibu la haraka ni kwamba kuna ukuta. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini ukuta usikunjwe. Mpe shinikizo la maji.

Seli ya mmea yenye afya imejaa maji na kuusukuma ukuta wake kwa shinikizo la kama megapaskali 0.5. Tairi la gari dogo hujazwa kama 0.2, yaani chini ya nusu ya hapo. Sasa chukua seli ya ncha ya mzizi yenye upana wa mikromita 20, uivishe mkanda wenye upana wa mikromita 1. Ili mkanda huo ulizuie tu shinikizo, bila hata kuugusa ukuta, unahitaji mvuto wa shinikizo mara nusu ya kipenyo mara upana wa mkanda: 0.5 × 10 × 1, sawa na mikronyutoni 5, yaani nanonyutoni 5,000. Rappaport aliwahi kupima kwa sindano ya kioo nguvu ya mkanda wa mayai ya bahari, akapata makumi ya nanonyutoni. Pengo ni zaidi ya mara mia. Na bado hatujauhesabu ukuta wa selulosi wenyewe, ambao kazi yake ni kutokunjika.

Kuna kiumbe kinachoonyesha kwamba njia ya kati ipo, na jina lake ni la kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira aliyoipata kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Leo maabara duniani kote hutumia neno hilo la Kiswahili kila siku, na mkanda wa hamira hiyo ni miongoni mwa mikanda ya aktini iliyochunguzwa kwa undani kuliko yote. Hamira hiyo ina ukuta, na shinikizo lake la ndani hupita megapaskali 1, lakini ina mkanda pia. Inawezaje? Mkanda peke yake haungeweza. Vimeng'enya vinavyofuma ukuta hukaa sambamba na mkanda, na kadiri ukuta mpya unavyofumwa kuelekea ndani, wenyewe ndio unaosukuma utando. Mkanda huongoza njia na kuhakikisha kiwambo kinafunga kwa duara sawasawa. Kwa hiyo hoja ya kundi la kwanza, kwamba ukuta unaweza kuingia kutoka pembeni, si ya kipuuzi. Inatokea. Ila kwa kitunguu haitokei.

Mmea: kiambaza kutoka katikati

Mmea hufanya jambo ambalo mnyama hafanyi: huchora mahali pa kukata kabla ya mitosisi kuanza. Mwaka 1966 Pickett-Heaps na Northcote walieleza, kwenye mizizi ya ngano, ukanda wa mikrotubuli unaozunguka kiini ukiwa umebandikwa chini ya utando. Ukanda huo huonekana kabla ya profezi, hatua ya kwanza ya mitosisi, kisha hutoweka utando wa kiini unapovunjika. Spindeli inapofanya kazi yake, ukanda haupo tena. Hata hivyo, bamba la seli likija kukua litagusa ukuta mzee mahali pale pale ukanda ulipokuwa. Mikrotubuli zimeondoka, lakini kuna protini zinazobaki pale, kama mambo za fundi baada ya kamba kuondolewa. Umuhimu wake ni mkubwa kwa kiumbe ambacho seli zake hazihami. Seli ya mnyama ikikatwa vibaya inaweza kusogea. Ya mmea imegandishwa kwa jirani zake, basi uelekeo wa kiambaza ndio unaoamua umbo la mzizi na jani.

Kromosomu zikishatengana, nafasi kati ya viini vipya hujaa mikrotubuli katika makundi mawili yanayotazamana, ncha zinazokua zikielekea katikati. Huo ndio fragmoplasti. Vifuko kutoka miili ya Golgi, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nanomita 60 hivi hadi 80, hubebwa juu ya mikrotubuli hizo kama mizigo mgongoni mwa wapagazi, hadi mstari wa kati. Huko huungana: kwanza kuwa mirija myembamba yenye mafundo, kisha wavu, kisha bamba lenye matundu, na mwisho bamba zima.

Hapa ndipo palipo na kosa ambalo hulikuta kwenye karatasi za majibu kila mwaka. Mwanafunzi huandika kwamba vifuko huwa ukuta. Vifuko vina sehemu mbili, na kila moja ina hatima yake. Utando wa vifuko huwa utando mpya wa seli zote mbili, mmoja kila upande. Kilichomo ndani ya vifuko, hasa pektini na vitangulizi vingine vya ukuta, hubaki katikati na kuwa mwanzo wa ukuta wenyewe. Akielewa hilo, ataelewa pia kwa nini bamba haliachi kamwe tundu la kumwaga saitoplazimu: linajengwa likiwa tayari limefunikwa pande zote mbili. Bamba changa hupakwa kwanza kalosi, aina ya kabohaidreti ambayo hufumwa haraka na kulitandaza. Selulosi huja baadaye, kalosi ikiondolewa.

Ukuaji wa bamba kuelekea nje ungependeza sana kama tungeweza kuuona kwa macho. Fikiria moto wa nyasi uliowashwa katikati ya uwanja. Huenea kwa duara, na katikati, palipokwisha kuungua, hapana moto tena. Mikrotubuli za fragmoplasti hufanya hivyo hivyo: hubomolewa katikati ambako bamba limekamilika, na mpya hujengwa kwenye ukingo ambako vifuko bado vinahitajika. Kwa hiyo fragmoplasti ya mwishoni ni pete, si sahani. Inaposimama kwenye ukuta mzee, utando wa bamba huungana na utando wa mama, na hapo ndipo seli huwa mbili. Pektini iliyobaki katikati huitwa tabaka la kati, nayo ndiyo gundi ya seli jirani.

Kitu kimoja hakikatwi kabisa. Wakati vifuko vinaungana, nyuzi za retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa utando ulio ndani ya seli, huwa zimepita katikati yao na kunaswa. Zinapozungukwa na bamba huwa plasmodesmata, njia zenye upana wa nanomita 30 hadi 50 hivi zinazounganisha seli mbili maisha yao yote. Mnyama hulinyonga daraja lake la mwisho, mmea huacha mamia ya madaraja madogo.

Ile seli iliyoguswa upande mmoja

Duara linalokua sawasawa kutoka katikati ni picha ya seli isiyo na vakuoli kubwa, yaani mfuko wa maji ndani ya seli. Seli yenye vakuoli huwa na kiini kilichosukumwa pembeni, na fragmoplasti huzaliwa pale kilipo kiini. Bamba basi hugusa ukuta wa karibu mapema, kisha hukokotwa kuvuka seli hadi upande wa pili. Mfano uliokithiri ni seli za kambiamu, tabaka linalolinenepesha shina la mti, ambazo ni ndefu mno na hugawanyika kwa urefu: bamba huanza kati ya viini na kusafiri kuelekea ncha zote mbili, viini vikiwa vimekwisha tulia zamani.

Rudi kwenye slaidi yako uangalie viini viko wapi. Kama vimeegemea upande ule ule bamba lilikogusa, umepata mfano halali. Kama viini viko katikati na bamba linagusa upande mmoja, shuku mbinyo: seli imelala kwa mshazari, na upande mmoja wa bamba uko nje ya fokasi. Zungusha kirekebishi kidogo mbele na nyuma, mstari ukisogea na kufika upande wa pili, ndiyo hiyo.

Kuhusu slaidi zenyewe. Mizizi ya sentimita 1 hadi 2, inayopatikana siku ya pili hadi ya nne, ndiyo mizuri. Chukua milimita 2 za mwisho tu. Iloweke kwenye mchanganyiko wa ethanoli tatu kwa asidi asetiki moja, kwa saa chache au hadi kesho yake. Kisha asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, nyuzi 60 za Selsiasi, dakika 5. Hatua hii huyeyusha pektini ya tabaka la kati ili seli ziachane unapobinya. Bamba changa nalo ni pektini kwa sehemu kubwa. Darasa likisahau mizizi kwenye asidi dakika 15, kromosomu zitapendeza lakini mabamba yatakuwa yameondoka nayo. Kwa somo la bamba punguza asidi, binya kwa kidole gumba badala ya kugonga, na ufunge kidogo mlango wa mwanga chini ya jukwaa ili mstari upate utofauti. Asitokarmini huonyesha kromosomu vizuri, bamba likabaki mstari mweupe. Toluidini bluu ya asilimia 0.05 hulipa bamba rangi ya waridi iliyoingia zambarau, kwa sababu pektini huibadilisha rangi hiyo. Na usitarajie kuliona bamba lililolala chali: ni jembamba kuliko mikromita moja, huonekana likisimama kwa ukingo tu.

Viini viwili bila mstari

Kwenye kitunguu kisichotiwa kitu, shuku slaidi kwanza. Seli mbili zilizopandana baada ya kubinywa, bamba lililoyeyuka kwa asidi, au telofezi ya mwanzo ambayo bamba lake bado ni wavu, zote huonekana hivyo. Viini vidogo, vilivyokolea, vilivyotazamana kwa nyuso bapa ni vya telofezi. Viini vikubwa vya mviringo vilivyofifia, ndani ya seli moja isiyo na mstari, ndivyo vya kushughulika navyo.

Unaweza kuzitengeneza makusudi, na ni jaribio zuri sana. Weka mizizi hai kwenye maji yenye kafeini asilimia 0.1, yaani gramu 1 kwa lita, kwa saa moja, kisha irudishe kwenye maji safi kwa saa mbili hivi kabla ya kuikata. Seli zilizokuwa telofezi katika saa ile zitakuwa na viini viwili, kwa sababu chini ya kafeini bamba huanza, lakini husambaratika kabla ya kufika ukutani. Linganisha na mizizi iliyokaa maji matupu. Kahawa ya kunywa haifai badala yake, kwani kiasi cha kafeini hakijulikani na ina mengi mengine. Unga wa kafeini upimwe na mwalimu mwenyewe, kwani gramu chache zikimezwa ni hatari kwa mtu.

Kwa mimea yenye kasoro ya kurithi, mfano ulio wazi ni Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, iliyopoteza jeni ya KNOLLE. Protini hiyo hukaa kwenye vifuko na kuviwezesha kuungana. Bila yake vifuko hufika mahali pake vikasimama bila kuungana, seli zinakuwa na viini vingi na visiki vya ukuta vilivyoishia njiani, na mche hufa ungali mdogo.

Lakini viini viwili si kosa kila mara. Ini la binadamu mwenye afya lina seli nyingi za namna hiyo. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hufanya hivyo kama mbinu: ndani ya chembe nyekundu ya damu, katika mzunguko wa saa 48 hivi, hugawa viini vyake tena na tena bila kukata saitoplazimu, kisha mwishoni hukata mara moja na kutoa vimelea kwa kawaida 16 hadi 32. Hatari huja pale seli isiyopangiwa hali hiyo inapoendelea kugawanyika ikiwa na kromosomu maradufu. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba seli za titi la panya zisizo na jeni ya p53, ile inayozuia saratani, zikizuiwa saitokinesisi mara moja, huweza kuzaa uvimbe wa saratani, ilhali dada zao zenye kromosomu za kawaida hazikufanya hivyo.

Na kuna mfano ambao wanafunzi wa pwani wameunywa. Maji ya dafu ni endospemu, akiba ya chakula cha kiinitete ndani ya mbegu: saitoplazimu na majimaji yenye viini vingi vinavyoelea bila kuta kati yao, kwa sababu viini viligawanyika muda mrefu bila saitokinesisi kufuata. Kitale kina maji tu. Katika dafu viini vilivyotulia ukingoni, karibu na kifuu, huanza kujengewa kuta, na utando laini kama uji mzito unaoukwangua kwa kijiko ni seli zilizopata kuta juzi juzi. Katika koroma tabaka limekuwa nene, katika nazi limekuwa nyama ngumu. Maji hayo yalitumika kukuza viinitete vya mimea maabara tangu 1941, na msako wa kemikali zinazochochea mgawanyiko namna hiyo ulizaa kinetini mwaka 1955, katika maabara ya Folke Skoog huko Wisconsin. Homoni za kundi hilo zikaitwa saitokinini, jina lililotokana na saitokinesisi yenyewe.

Sasa irudie donati ya Rappaport. Katika endospemu ya nafaka kama ngano na shayiri, ambayo hupitia njia hiyo hiyo, kila kiini hutoa miale ya mikrotubuli pande zote. Miale ya viini jirani ikikutana, fragmoplasti hujengwa kati yake na bamba hukua, hata kama viini hivyo si ndugu waliotoka kwenye mgawanyiko mmoja na hapakuwa na spindeli kati yao. Yai la bahari hubana na nafaka hujenga, lakini zote mbili husoma alama ile ile: mahali miale miwili inapokutana. Ukipata kitale, dafu na koroma za mti mmoja, kwangua tabaka la upande wa maji la kila moja, ulitie toluidini bluu na ulitazame kwa lenzi ya 40. Kwenye dafu, tafuta ukingo ulio laini kabisa, pale ute unapoanza kushikana.